Uzi: Kwa nini rais anayeahidi mabadiliko huishia kutekeleza sera za aliyemtangulia? Tuanze na Ruto na Uhuru

#1 Karani wa Thika
Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili bila matusi na bila ukabila.

Mwaka 2022 William Ruto aliomba kura akisema serikali ya Uhuru Kenyatta imekopa kupita kiasi na imewasahau mahasla, yaani wananchi wa hali ya chini. Nilimpigia kura kwa hoja hiyo hasa. Sasa chukua hati ya mshahara ya mtu yeyote aliyeajiriwa Kenya uisome kuanzia juu. Kuna ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Wazo hilo ni la Uhuru, liliingia katika Sheria ya Fedha ya 2018 mahakama ikalizuia. Kuna NSSF, mfuko wa pensheni, ambayo zamani tulikuwa tunakatwa shilingi 200 tu. Sheria iliyoipandisha ilitiwa saini na Uhuru mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka 10, ikaanza kuuma Februari 2023. Kuna SHIF, bima mpya ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, wakati bima ya zamani, NHIF, aliyelipa nyingi kabisa alilipa 1,700. Na afya kwa wote, kama mnakumbuka, ilikuwa ndani ya Ajenda Nne Kuu za Uhuru pamoja na hizo nyumba.

Kila mstari unaoniumiza una mkono wa rais aliyepita. Huyu wa sasa ameongeza kasi tu. Je, tatizo ni madeni? Ni watu walewale? Au ni sisi wapiga kura?

#2 Mkulima wa Moiben
Mleta uzi, umechagua mistari inayokufaa. Njoo huku kwetu. Msimu wa 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa unagonga 6,500 dukani. Ruto alipoapishwa akaushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukawa 2,500. Nilipanga foleni bohari ya nafaka kwa siku nzima, lakini niliondoka na mbolea ambayo isingewezekana kwa mfuko wangu. Kwangu hayo ni mabadiliko, na shamba langu lilionyesha.

#3 Jicho la Tatu
Mkuu wa Moiben, ruzuku ya mbolea ilikuwepo kwa Kibaki na ilikuwepo kwa Uhuru, hata miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo mfano wako unamsaidia mleta uzi, si wewe. Na ile kashfa ya mbolea bandia ya 2024 mbona umeiruka?

#4 Mkulima wa Moiben
Sijairuka. Iliyonifikia mimi ilikuwa nzuri. Walioletewa bandia walidhulumiwa na wahusika walitakiwa kufungwa.

#5 Wakili Msomi
Niongeze usahihi kwenye #1. Ushuru wa nyumba wa 2018 ulikuwa na kikomo cha shilingi 5,000 kwa mwezi, na baada ya kukwama Uhuru mwenyewe aliufanya wa hiari. Serikali ya Ruto ilianza kwa kupendekeza asilimia 3, ikashuka hadi 1.5, lakini ikaondoa kikomo. Mahakama Kuu ikaubatilisha Novemba 28, 2023. Bunge likatunga sheria mpya kabisa, ikatiwa saini Machi 2024, na makato yakarudi.

Kwa hiyo si sahihi kusema ameendeleza tu. Uhuru alijaribu akarudi nyuma. Huyu alipita palepale mwenzake alipokwamia. Swali langu kwa mleta uzi: sera ikikua namna hiyo, bado ni ya yule wa kwanza?

#6 Binti Likoni
Mimi ni wa Mombasa, na nataka kuwapa mfano unaokwenda kinyume.

Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena yote ya kwenda bara yapande reli ya kisasa, SGR, hadi Nairobi. Mume wangu ni wakala wa forodha. Waliokuwa wakiishi kwa lori waliona mji unakufa mbele ya macho yao: gereji za Miritini zikafungwa, maghala ya Changamwe yakabaki na walinzi tu, wanawake waliokuwa wakiuza mahamri na maharagwe kwa madereva alfajiri wakarudi nyumbani na masufuria yakiwa yamejaa. Sisi tuliuza gari ili watoto wabaki shule. Watu waliandamana kila Jumatatu na hakuna aliyesikia.

Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, na siku hiyohiyo akatangaza kuwa kazi ya kuondoa mizigo inarudi Mombasa. Ikarudi. Mume wangu akafungua ofisi tena. Hilo hakuna wa kunidanganya halikutokea.

Lakini tazameni ni jambo la aina gani. Ilikuwa amri ya serikali, na amri hutenguliwa kwa amri. Mkopo wa reli yenyewe, uliosababisha makontena kulazimishwa ili reli ipate mapato, haukuguswa. Nadharia yangu ni kwamba rais mpya hubadilisha yale yasiyohitaji pesa wala kibali cha mkopeshaji, yaliyobaki huyabeba kama alivyoyakuta.

#7 Fundi wa Kariobangi
Jamani hizo nyumba mnazozilaani zinatulisha wengine. Mimi nachomelea. Kundi letu la jua kali lilipata oda ya milango na madirisha ya mradi wa nyumba. Vipimo vilikuja vimeandikwa kwenye karatasi, unene wa chuma, bawaba ngapi, rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Mlango ukipinda hata kidogo kwenye fremu unarudishiwa mwenyewe. Tulijifunza kufanya kazi kwa kiwango, na pesa ilikuja, ingawa ilichelewa mpaka mwenye karakana akatufungia umeme.

Chini ya Uhuru mradi huo ulikuwa wa makaratasi na wanakandarasi wakubwa. Mimi sikuuona.

#8 Karani wa Thika
Fundi, nafurahi kwa ajili yako, kwa dhati. Lakini mimi ninakatwa kila mwezi na nina kiwanja changu kijijini ambacho siwezi kukijenga kwa sababu hiyo asilimia 1.5, pamoja na zile nyingine, ndiyo ingekuwa saruji yangu. Nyumba ya Nairobi sitaipata.

#9 Chuma cha Reli
Mnajadili matawi, ngoja niwape shina. Fuateni pesa hizi taratibu.

Mikataba ya Anglo Leasing, ile kashfa ya kampuni hewa za vifaa vya usalama, ilianza enzi za mwisho za Moi. Kibaki aliingia Desemba 2002 kwa ahadi ya kung'oa ufisadi, akamteua John Githongo kusimamia vita hivyo. Githongo akagundua mikataba ileile haikufutwa, ilikuwa inaendelezwa na mingine inaongezwa chini ya serikali mpya. Mwaka 2005 akakimbilia Uingereza.

Sasa twende 2014. Uhuru anataka kuuza Eurobond ya kwanza ya Kenya, yaani hati za kukopa dola kwa wawekezaji wa nje. Kampuni mbili za Anglo Leasing zina hukumu za mahakama za Ulaya dhidi yetu. Bila kuzilipa, soko lingetuona wadaiwa sugu. Mei 2014 serikali ikalipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa mikataba ambayo viongozi wenyewe kwa miaka kumi waliiita hewa. Mwezi uliofuata Eurobond ikauzwa, dola bilioni 2, na Desemba wakaongeza nyingine.

Sehemu kubwa ya deni hilo, dola bilioni 2, ilikuwa inaiva Juni 2024. Nani yuko Ikulu? Ruto. Riba yake ilikuwa asilimia 6.875. Ili kulilipa, Februari 2024 akauza Eurobond nyingine ya dola bilioni 1.5 ambayo wanunuzi waliichukua kwa zaidi ya asilimia 10. Inaendelea kulipwa hadi miaka ya 2030, ambapo huenda akawepo mtu mwingine kabisa.

Marais wanne, mnyororo mmoja. Moi alisaini, Kibaki akaendeleza, Uhuru akalipa ili akope, Ruto akakopa ili alipe. Ukinionyesha hapo ni wapi ahadi za kampeni ziliingia nitafurahi.

Na msisahau IMF. Aprili 2021 Uhuru alisaini mpango wa dola bilioni 2.34 wa miezi 38. Wakenya zaidi ya laki mbili walitia saini ombi mtandaoni kuupinga. Miezi 38 kutoka 2021 inavuka uchaguzi wa 2022. Masharti ya kupandisha kodi na kuondoa ruzuku yalikuwa yanamsubiri mshindi, awe Ruto awe Raila.

#10 Mkulima wa Moiben
#9 hapo nakubali. Hata mishahara ya watumishi ilichelewa Aprili 2023 kwa sababu ya madeni. Mtu amekuta hazina tupu, mnataka afanye miujiza?

#11 Kijana wa Juni 25
Mkulima, hakuikuta. Alikuwa Naibu Rais kwa zaidi ya miaka tisa. Eurobond ya 2014 ilipouzwa alikuwa ndani ya serikali ileile. Hazina ikiwa tupu, yeye alikuwa miongoni mwa wenye funguo.

#12 Mkulima wa Moiben
Na baada ya salamu za Uhuru na Raila za Machi 2018 alitupwa nje ya maamuzi, hilo nalo unalijua.

#13 Mzee wa Morogoro
Vijana hamjambo. Mimi ni Mtanzania, nina umri wa kutosha kukumbuka foleni za sabuni, na nina jambo ambalo halijasemwa hapa.

Ukiangalia historia yetu, anayeahidi kuendeleza ndiye hubadilisha. Mzee Mwinyi alipochukua nchi 1985 hakuahidi mageuzi yoyote. Alisema kuwa yeye ni kichuguu akilinganishwa na Mlima Kilimanjaro aliyemwachia kiti. Mwalimu Nyerere alikuwa amegombana na IMF kwa miaka. Mwinyi hakumaliza mwaka mmoja, 1986 akasaini nao. Shilingi ikashushwa thamani, maduka yakajaa, watu wakaanza kumwita Mzee Ruksa. Mabadiliko makubwa kuliko yote ya uchumi wa Tanzania yaliletwa na mtu aliyeingia kwa unyenyekevu, bila kumtukana aliyemtangulia.

Anayekuja kwa kelele za mabadiliko ameshatumia nguvu zake zote kwenye kelele. Wenye maslahi wameshajiandaa kumzuia. Anayekuja kimya hawamwogopi.

#14 Mhasibu wa Kariakoo
Shikamoo mzee. Naomba nirekebishe kidogo. Milango haikufunguliwa na Mwinyi. Bajeti ya 1984, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, ndiyo iliyoruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezitoa wapi. Marehemu baba alianza kuleta vitenge kutoka Dubai mwaka huohuo, na Mwalimu alikuwa bado Ikulu. Kwa hiyo hata Mwinyi unayemsifu kwa kubadilisha alikuwa anaendeleza kilichokwisha kuanza.

#15 Mzee wa Morogoro
Marahaba. Bajeti ya 1984 naikumbuka, lakini mkataba wa IMF Mwalimu aliukataa mpaka anaondoka. Hapo ndipo palipokuwa na mpasuko, na aliyeuvuka ni Mwinyi.

#16 Jicho la Tatu
Mzee ana hoja. Hata Moi 1978 alikuja na Nyayo, yaani anafuata nyayo za Jomo Kenyatta. Desemba mwaka huo akawaachia wafungwa wa kisiasa, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwemo, jambo ambalo Kenyatta hakulifanya. Kisha 1982 akaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, jambo jingine ambalo Kenyatta hakulifanya. Alifuata nyayo zipi?

#17 Mwalimu wa Kitui
Mnamsahau Kibaki. Januari 2003 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza. Tulifungua shule tukitarajia watoto wa kawaida, wakaja wengi hadi madawati yakaisha, wengine wakaketi sakafuni wakiandika juu ya mapaja. Kulikuwa na msichana mrefu kuliko mimi begani, alikuwa akichunga mbuzi wa watu kwa sababu karo ilimshinda mama yake. Alikaa nyuma na wadogo wa miaka sita na hakukosa hata siku moja muhula ule. Elimu ya msingi bila malipo iliahidiwa kwenye kampeni, na siku chache baada ya kuapishwa ikaanza. Nimeishuhudia kwa macho yangu, msiniambie kura haibadilishi kitu.

Lakini huyohuyo Kibaki aliahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Tuliipata Agosti 2010.

Tofauti ya hizo ahadi mbili nimeifikiria sana. Ya kwanza ilikuwa kitu kimoja kinachopimika, mtoto yuko darasani au hayuko, na haikumpunguzia rais madaraka. Ya pili ilitaka aliyeshika mamlaka ayagawe. Hapo kila mtu hugeuka. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema ni madeni tu. Katiba haikuhitaji Eurobond.

#18 Binti Likoni
Mwalimu umenigusa. Huyo msichana aliishia wapi?

#19 Mwalimu wa Kitui
Alimaliza la nane. Ana kioski cha nguo sokoni na watoto wake wanasoma.

#20 Pwani Moja
Mnazunguka tu. Mafuta ndiyo yanapandisha kila kitu, na Uhuru ndiye aliyeyawekea VAT ya asilimia 16. Ruto kaikuta hivyo.

#21 Wakili Msomi
Hapana, mkuu. Sheria ya VAT ya 2013 ndiyo iliyoweka 16 kwenye mafuta lakini ikaahirishwa mara kadhaa. Ilianza Septemba 1, 2018, matatu zikagoma, nchi ikachemka, na ndani ya mwezi huohuo Uhuru akaishusha hadi 8. Ikabaki 8 mpaka Sheria ya Fedha ya 2023 ya Ruto ilipoirudisha 16. Kwa hiyo aliikuta 8.

Mfano mwingine wa namna hii ni Mawaziri Wasaidizi. Ofisi hizo aliziunda Uhuru 2018, mahakama ikasema 2021 hazikufuata Katiba. Machi 2023 Ruto akateua 50, mahakama ikawazuia Julai.

#22 Pwani Moja
Sawa mkuu, 8 nimeipata. Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani.

#23 Sauti ya Kivu
Ndugu zangu, huku kwetu Kongo tuliona sinema hii kabla yenu. Félix Tshisekedi aliapishwa Januari 2019, mpinzani mtoto wa mpinzani. Tukacheza barabarani. Kumbe bunge lilikuwa la watu wa Joseph Kabila, rais aliyemtangulia, waziri mkuu akatoka upande wao, na kwa karibu miaka miwili Tshisekedi alitawala akiwa amefungwa nao. Desemba 2020 akauvunja muungano huo, wabunge walewale wa Kabila wakahamia kwake.

Mkataba wa madini na Wachina wa 2008, Sicomines, alisema hautufai. Machi 2024 wakaufanyia marekebisho, pesa za barabara zikapandishwa hadi dola bilioni 7, lakini mkataba wenyewe ungali uleule na shaba inatoka vilevile. Ituri na Kivu Kaskazini wakawekewa magavana wa kijeshi Mei 2021 ili amani ije. Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma, Februari wakaingia Bukavu. Mimi nimeandika haya nikiwa upande wa pili wa ziwa, ninasubiri habari za wazee wangu.

Yeye pia alileta shule ya msingi bure, Septemba 2019, kama huyo Kibaki wa mwalimu. Labda shule ndiyo peke yake wanayoruhusiwa kubadilisha.

#24 Karani wa Thika
Pole sana ndugu. Mungu awalinde wazee.

#25 Mbongo Minnesota
Pole Sauti ya Kivu.

Wakuu, msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Niko Marekani tangu enzi za Bush. Obama siku yake ya pili ofisini, Januari 22, 2009, alisaini amri ya kufunga Guantanamo ndani ya mwaka mmoja. Alipoondoka baada ya miaka minane gereza lilikuwa wazi na wafungwa 41 ndani. Alitaka kulifunga kweli, Bunge likakataa kutoa fedha za kuwahamisha. Biden naye alimlaumu Trump kwa ushuru wa bidhaa za China, alipoingia akauacha na mwingine akaupandisha.

Hawa hawana Eurobond wala IMF. Kwa hiyo nadharia ya deni ya Chuma cha Reli haitoshi.

#26 Chuma cha Reli
Mbongo, rais wa Marekani ana uwezo wa kukataa akaamua kutokukataa. Wetu hana uwezo. Usiweke watu hao kapu moja.

#27 Mbongo Minnesota
Obama hakuwa na uwezo, nimekueleza Bunge lilimnyima. Soma posti yote kaka, usisome nusu kama unavyosoma takwimu za Gor Mahia.

#28 Chuma cha Reli
Gor usiiguse.

#29 Kijana wa Juni 25
Nimesoma nadharia zote na nina uchungu. Deni, IMF, katiba, bunge. Zote zinamwondolea mtu lawama.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346. VAT kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na mengine. Tulitoka barabarani hatuna silaha, tuna simu, maji ya chupa na bendera. Juni 25 nilikuwa Kenyatta Avenue. Kijana niliyekuwa nimesimama naye, tumetambuana pale pale, alipigwa risasi ya paja na tukambeba kwa bendera yake. Kesho yake Rais akasema hautii saini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu imehesabu watu 60 waliouawa katika maandamano yale.

Julai akavunja baraza la mawaziri. Tukasema, sasa. Akaleta nani? Mbadi Hazina, Joho madini, Oparanya ushirika, Wandayi kawi. Watu wa upande uliokuwa unapinga ushuru wakaingia kuusimamia. Desemba baadhi ya kodi zilizokataliwa mwezi Juni zikarudi kwa sheria nyingine. Oktoba 2022 kile kikosi cha polisi cha SSU kilivunjwa, tukaahidiwa kwamba kuua na kupoteza watu kumekwisha. Nusu ya pili ya 2024 vijana wakaanza kuchukuliwa na magari yasiyo na namba.

IMF haikumwagiza mtu kuteka vijana. Deni halikulazimisha hilo. Ni tabaka moja linalobadilishana viti, na anayelipa ni yuleyule.

#30 Binti Likoni
Pole mwanangu. Huyo kijana alipona?

#31 Kijana wa Juni 25
Alipona. Anachechemea.

#32 Mkulima wa Moiben
Hili la vijana sina la kulitetea, na wazazi wao wanastahili majibu. Ila nataka muwe wakweli kuhusu jambo moja. Ruto aliondoa ruzuku ya petroli ya Uhuru wiki ya kwanza, na ile ya unga hakuiendeleza. Yale yalikuwa mabadiliko ya wazi, alisema ruzuku zimekula mabilioni bila unga kuonekana madukani. Nchi ikamlaani, na Agosti 2023 akarudisha kidogo ile ya mafuta. Akibadilisha mnalia, akiendeleza mnalia.

#33 Karani wa Thika
Mkulima, tulilia kwa sababu alibadilisha kilichokuwa kinatusaidia na kuendeleza kilichokuwa kinatukamua.

#34 Dalali wa Ubungo
Sisi Watanzania tuliimbiwa Kazi Iendelee, kwa hiyo hatukudanganywa. Mama Samia aliahidi kuendeleza ya Magufuli, na reli na bwawa la Rufiji vikaendelezwa. Lakini kwenye siasa alileta upepo mwingine, mikutano ya hadhara ikaruhusiwa Januari 2023, wasichana waliojifungua wakarudi shule. Tukasema huyu ndiye. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa kwa kesi ya uhaini, Chadema ikawekwa nje ya uchaguzi. Mzee wa Morogoro, hiyo nadharia yako ya anayekuja kimya inasemaje hapo?

#35 Mzee wa Morogoro
Inasema kwamba alibadilisha, kisha akarudi. Sina raha na jibu hilo.

#36 Mstaafu wa Wizara
Nimekuwa msomaji tu, leo nachangia. Nilifanya kazi ya bajeti katika wizara moja Kenya chini ya marais watatu, jina la wizara halina haja.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Uchaguzi ni Agosti. Rais anaapishwa wiki kadhaa baadaye, 2022 ilikuwa Septemba. Tayari bajeti anayotumia ni ya mwingine. Kisheria Hazina inatoa waraka wa bajeti ya mwaka unaofuata kufikia Agosti 30, maana yake hata bajeti ya kwanza inayoitwa yake, miongozo yake imeandikwa kabla hajakabidhiwa upanga. Waziri mpya anaingia ofisini na wasaidizi wake, wana manifesto mkononi. Sisi tunamwekea mezani jedwali. Mstari wa kwanza ni deni, wa pili pensheni, kisha kaunti ambazo Katiba inazipa si chini ya asilimia 15 ya mapato, kisha mishahara, kisha miradi iliyokwisha sainiwa ambayo kuiacha kuna fidia. Kinachobaki chini ndicho chake. Nimewaona mawaziri wawili wakilitazama lile jedwali kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Halafu anauliza, mna mawazo gani ya kuongeza mapato? Tunafungua kabati. Humo kuna mapendekezo yaliyokataliwa au kukwama chini ya waziri aliyepita na wa kabla yake: VAT ya mkate, ushuru wa magari, ushuru wa nyumba. Tunayapa tarehe mpya. Ndiyo maana Karani anaona mkono wa Uhuru kwenye hati yake. Mara nyingi ni mkono wetu sisi, na wakati mwingine karatasi ilianza kwa Moi.

#37 Jicho la Tatu
Hii #36 ndiyo ya maana kuliko zote humu. Lakini mkuu, waziri ana kalamu. Hayo mapendekezo ya kabatini angeweza kuyakataa kama waliomtangulia walivyoyakataa.

#38 Mstaafu wa Wizara
Angeweza. Waliokataa walikuwa na mahali pengine pa kukopa. Kuanzia 2022 hadi mwanzoni mwa 2024 soko lilikuwa kama limefungwa kwetu.

#39 Kijana wa Juni 25
Na kupunguza matumizi ya Ikulu, safari, magari ya washauri, havikuwemo kabatini?

#40 Mstaafu wa Wizara
Vilikuwemo. Folda hiyo haikuombwa.

#41 Wakili Msomi
Basi kwa 2027 nawaomba wapiga kura waache kuuliza mgombea ataleta nini. Waulize mikataba ipi ataitii na ipi ataipeleka mahakamani, kwa majina. Novemba 2022 Murkomen akiwa waziri wa uchukuzi alichapisha sehemu ya mikataba ya mkopo wa SGR, ndipo tukaona kipengele cha usiri na kwamba migogoro inaamuliwa China. Sehemu tu. Miaka minane baada ya kusainiwa.

#42 Mkulima wa Moiben
Na aliyechapisha ni serikali ya nani? Uhuru alikataa hata mahakama ilipomwagiza.

#43 Chuma cha Reli
Hilo nampa Ruto, bila kinyongo. Sasa reli inapelekwa kutoka Naivasha hadi Malaba kwa mpango mwingine wa fedha. Kama uwazi ule ulikuwa wa kweli na si wa kumwaibisha Uhuru, mkataba wa Malaba uwekwe hadharani wote kabla treni haijapita. Kuna mwenye nakala humu?

#44 Binti Likoni
Mume wangu anasema huko bandarini wanaisubiri hiyohiyo. Anataka kujua kama kuna kipengele cha kulazimisha makontena tena. Mwenye nayo aiweke.